Nilimhisi Mungu kwenye ngazi za dharura, wala si kanisani: nilipokeeje jambo hili?

Mkesha aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msinicheke, na anayetaka kucheka acheke baada ya kusoma mpaka mwisho.

Kwa wiki saba sasa nimekuwa nikimuuguza baba yangu hospitalini. Usiku ninakesha kwenye kiti kando ya kitanda chake, na mchana ninapokezana na ndugu zangu. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimezoea kuongoza maombi ya watu wengine, kuwatembelea wagonjwa wa watu wengine na kuwaambia kwamba Mungu yu karibu nao. Hata hivyo, tangu baba alipolazwa, sala zangu zimekauka kabisa. Ninapiga magoti, ninatamka maneno yote niliyozoea kuyatamka, na hakuna hata moja ninaloliamini kwa namna nilivyoliamini zamani. Kanisani ni vivyo hivyo: ninaimba, ninasimama, ninaketi, kisha ninarudi nyumbani mtupu kama nilivyokwenda.

Wiki mbili zilizopita, kiasi cha saa tisa usiku, baba alishindwa kupumua vizuri na daktari akaniomba nitoke nje. Sikuweza kukaa na jamaa wengine waliokuwa wakisubiri, nikafungua mlango wa ngazi za dharura nikateremka mpaka chini kabisa, kwenye korido nyembamba inayopakana na chumba cha kufulia mashuka. Pale pana harufu kali ya dawa ya kuua vijidudu, taa moja inayopepesa, na mashine zinazonguruma usiku kucha. Sikwenda kuomba. Niseme ukweli kwamba nilikwenda kugombana. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha nikaketi kwenye kipandio cha mwisho nikaishiwa hata na hasira.

Akaja mfanyakazi wa usafi akipiga deki. Aliniona, hakusema neno. Alisogeza ndoo yake ili nipate pa kunyoosha miguu, akapiga deki kunizunguka, akapaacha pakavu pale nilipokanyaga, akaenda zake.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ninaloshindwa kulieleza. Hapakuwa na sauti wala mwanga. Ila nilijua, kama mtu anavyojua gizani kwamba chumbani mna mtu mwingine, kwamba sikuwa peke yangu, na kwamba yule niliyekuwa nikimtupia maneno alikuwapo tangu mwanzo na wala hakukasirika. Hali hiyo ilidumu labda dakika kumi. Baba hakupona usiku ule, na hadi leo hali yake ni ileile, lakini mimi niliyepanda ngazi sikuwa yule aliyeteremka.

Sasa ninasumbuka. Je, aliyekuja ni Mungu, au ni uchovu wa mtu aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi? Kama ni Mungu, kwa nini asikutane nami kanisani, ninakomtumikia, akanisubiri karibu na mashuka machafu? Tena kuna jambo la tatu ambalo ninaona aibu kulisema: nimerudi pale mara tatu, saa ileile, nikaketi kipandio kilekile, na sikuhisi chochote. Je, nilikosea kurudi?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mzee Mkesha, pole sana kwa kuuguza. Nimefundisha maarifa ya Biblia kwa miaka mingi, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha maneno.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa hilo ndilo lenye aibu, na mara nyingi swali lenye aibu ndilo swali lenyewe. Mtu wa kwanza aliyenijia akilini niliposoma habari zako ni Yakobo, katika Mwanzo sura ya 28. Watu wengi wanaikumbuka ile ngazi na malaika, wakasahau jinsi Yakobo alivyofika pale. Hakuwa katika safari ya ibada. Alikuwa ametoka kumdanganya baba yake asiyeona na kumpora kaka yake baraka, na sasa alikuwa akikimbia ili asiuawe. Alilala mahali pale kwa sababu moja tu, kwamba jua lilikuwa limekuchwa. Mahali penyewe paliitwa Luzu, na masimulizi hayataji madhabahu wala kuhani. Yanataja jiwe aliloliweka chini ya kichwa chake. Alipoamka alikiri kwamba Bwana yupo mahali pale naye hakujua, na jambo la kwanza lililompata baada ya kukiri hivyo lilikuwa hofu.

Sasa tazama alichofanya asubuhi. Alilisimamisha lile jiwe, akalimiminia mafuta, akapaita mahali pale Betheli, akaondoka. Alikaa kwa mjomba wake Labani miaka 20. Mungu alipokutana naye tena uso kwa uso, hapakuwa Betheli, bali kwenye kivuko cha Yaboki, usiku, katika mieleka iliyomwacha akichechemea. Betheli alirudi baadaye sana, alipoambiwa arudi. Kama angelijenga kibanda pale Luzu na kulalia lile jiwe kila usiku akingoja ngazi iteremke tena, asingelifika Harani alikokuwa akienda. Kwa hiyo sidhani kwamba ulitenda dhambi kurudi kwenye ngazi zako. Ulifanya kile ambacho yeyote aliyewahi kuonja angetamani kufanya. Ninachosema ni kwamba mahali pale palikuwa pa usiku ule.

Kuhusu kwa nini Mungu achague mahali pa ovyo, walimu wa Kiyahudi wa zamani walijiuliza swali hilohilo juu ya kile kijiti alichokiona Musa, kilichowaka moto bila kuteketea. Mbona Mungu aseme kutoka kwenye kichaka cha miiba, wala si kwenye mti mkubwa wenye heshima? Jibu mojawapo lililohifadhiwa katika mafafanuzi yao ya kitabu cha Kutoka ni kwamba alitaka kufundisha kuwa hakuna mahali pasipo na uwepo wake, hata kichaka cha miiba. Mimi ningeongeza jambo moja lililomo katika maandiko yenyewe. Musa alisema atageuka kando ili aone kwa nini kijiti hakiteketei, na imeandikwa kwamba Bwana alipoona amegeuka ili atazame, ndipo akamwita. Moto ulikuwa ukiwaka tayari, lakini wito ulingoja mtu ageuke. Hasira yako ndiyo iliyokutoa kwenye njia yako ya kila siku, ukageuka.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Hajiri. Huyu alikuwa mtumwa, mgeni, mwanamke, mjamzito, naye alikuwa ametoroka mateso. Malaika wa Bwana alimkuta kwenye chemchemi njiani kuelekea Shuri, naye ndiye mtu wa kwanza katika Biblia nzima anayesimuliwa kuwa alimpa Mungu jina: Mungu aonaye. Wala si Ibrahimu aliyempa jina hilo, ni mjakazi wa mkewe. Katika sura ya 21 anafukuzwa tena, maji yanamwishia jangwani, anamweka mtoto chini ya kichaka na kujitenga naye kiasi cha mtupo wa mshale ili asimwone akifa. Imeandikwa kwamba Mungu akamfumbua macho, naye akaona kisima cha maji. Soma polepole hapo. Haikuandikwa kwamba kisima kiliumbwa saa ile. Macho ndiyo yaliyofumbuliwa.

Nimekwisha kusema mengi. Swali lako la uchovu ninawaachia wanaoujua mwili.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Nami nitasema kidogo kwa kuwa ninaingia kazini.

Kila hospitali niliyowahi kufanyia kazi ina ngazi za aina hiyo, na kila ngazi ina watu wake. Nimewakuta pale watu wakilia, wakilala, wakisali, wakipiga ngumi ukutani. Kwa hiyo jambo la kwanza, mzee wangu: hukuwa wa ajabu. Jambo la pili ni la kikazi, na ninaomba usiudhike. Ngazi hizo zimewekwa ili watu watoroke moto ukitokea, basi usiketi katikati ya njia.

Mtu aliyekesha kwa wiki saba kwenye kiti anaweza kuona na kusikia mengi. Ukosefu wa usingizi huvuruga hisia, hukuza huzuni na wakati mwingine huleta furaha isiyo na sababu. Ninalisema bila kusitasita kwa sababu ni kweli. Lakini sioni kwamba linamaliza swali lako. Nabii Eliya alipojilaza jangwani chini ya kichaka cha mretemu akaomba afe, hakupewa mahubiri. Alilala, malaika akamgusa akamwambia ale, akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Baada ya hapo ndipo alipotembea siku 40 mpaka mlima Horebu na kuisikia ile sauti ndogo ya utulivu. Mchovu yule ndiye aliyesikia. Kwa hiyo uchovu unaweza kuwa ndio mlango ulioachwa wazi, wala usiwe ndio mgeni aliyeingia.

Ushauri wangu ni kwamba umwombe ndugu yako mmoja ashike zamu mbili za usiku, nawe ukalale kitandani. Ukiamka, pima tena kile ulichokipata. Kikiwa bado kimesimama, basi ni chako.

Na yule mfanyakazi wa usafi, kama hujamshukuru, mshukuru. Sisi tunaofanya kazi usiku tunajua jinsi ilivyo kazi ngumu kumwacha mtu alie bila kumsemesha.

Mwenye Mashaka alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, na ninamwombea muuliza swali heri pamoja na baba yake. Lakini pawepo mtu mmoja hapa wa kusema lile ambalo wengine wanaliogopa.

Tunachagua mifano iliyofanikiwa. Yakobo aliota, Musa aliona moto, Hajiri aliona kisima. Wangapi walilalia mawe wakaamka na maumivu ya shingo tu? Wangapi waliketi kwenye ngazi hizohizo, usiku uleule pengine, wakampoteza mgonjwa wao bila kuhisi chochote isipokuwa baridi ya saruji? Ikiwa Mungu alimjia Mkesha kwa dakika kumi kando ya chumba cha kufulia, ni haki kuuliza kwa nini hakupanda ghorofa ya juu kwa yule anayeshindwa kupumua. Siulizi kwa kejeli. Nilimuuguza mama yangu miezi mitano, nikateremka ngazi za namna hiyo mara nyingi, na sikukuta mtu.

Tena ubongo wa binadamu umezoea kutafuta uso katika kila kitu: katika mawingu, katika madoa ya ukutani, hata katika ngurumo za mashine. Mtu mwenye huzuni kubwa anapotendewa wema mdogo asioutarajia, kama ule wa ndoo kusogezwa, hisia zake hufunguka kama bwawa lililovunja ukingo. Je, hilo halitoshi kuwa maelezo? Mbona wema wa mtu aliye mbele yetu tunauhamisha haraka namna hii kwenda kwa asiyeonekana?

Mkesha alijibu:

Ndugu Mwenye Mashaka, pole kwa mama, na ninakushukuru, kwa kuwa hayo ndiyo ninayojiuliza ninapokuwa macho. Sina la kukujibu juu ya ghorofa ya juu. Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilishana, ningetoa zile dakika kumi ili baba apumue vizuri kwa saa moja.

Nitasema hili tu kuhusu ndoo. Sikuona wema wa yule mtu kuwa kitu kimoja na uwepo ule kuwa kitu kingine. Niliviona kama kitu kimoja. Najua hilo si hoja.

Mtoto wa Madrasa alijibu:

Assalaam alaykum nyote, na Mwenyezi Mungu ampe mzee wetu shifaa. Mimi ni Mwislamu, na nimesitasita kuingia katika mazungumzo ya wazee wa kanisa, lakini jambo hili ni letu sote.

Sisi tunasoma katika Surat Qaf, aya ya 16, kwamba Mwenyezi Mungu yuko karibu na mwanadamu kuliko mshipa wa shingo yake, na katika Surat Al-Hadid, aya ya 4, kwamba Yeye yu pamoja nanyi popote mlipo. Wanazuoni wetu wengi wameeleza kwamba upamoja huo ni wa ujuzi wake, kusikia kwake na kuona kwake, wala si kwamba dhati yake imo ndani ya korido au ndani ya mti. Ninalitaja hili kwa sababu kuna hatari ya mtu kuanza kusema kwamba kila kitu ni Mungu, na hilo sisi hatulisemi. Ila hata katika mipaka hiyo, hakuna mahali palipo mbali naye. Labda ni sisi tulio mbali.

Kuhusu sala kavu, ninamkumbuka Nabii Yunus, amani iwe juu yake. Surat Al-Anbiyaa inasema aliita akiwa katika giza, na neno la Kiarabu lililotumika hapo liko katika wingi. Wafasiri wakaeleza kwamba ni giza la usiku, giza la bahari na giza la tumbo la samaki. Sidhani kama kuna mahali pa ajabu zaidi pa kuswalia. Lakini sura nyingine, As-Saffat, inasema kwamba lau asingekuwa miongoni mwa wanaomtakasa Mwenyezi Mungu, angelikaa tumboni mle mpaka siku ya kufufuliwa. Baadhi ya wafasiri wameelewa kwamba kilichomfaa ni ibada yake ya siku za nyuma, alipokuwa salama nchi kavu. Kwa hiyo, mzee wangu, zile Jumapili ulizorudi nyumbani mtupu usizihesabu kuwa hasara. Pengine usiku ule ulikuwa ukila akiba usiyojua kwamba umeiweka.

Mwalimu ametutajia Hajiri, nasi tunamjua kama Bibi Hajar. Katika mapokeo yetu, maji yalipomwishia alipanda kilima cha Safa akatazama, akateremka akakimbia mpaka Marwa akatazama, akarudia hivyo mara saba, na mahujaji hadi leo wanaifuata njia yake. Jambo ambalo sikulitilia maanani mpaka nilipokuwa mtu mzima ni hili: maji ya Zamzam hayakutoka Safa wala Marwa alikokuwa akikimbilia. Yalitoka pale alipokuwa amemlaza mtoto.

Na kuna hadithi katika Sahihi Muslim, mojawapo ya vitabu vyetu vya hadithi za Mtume, ambayo nimekuwa nikiifikiria tangu niliposoma swali lako. Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwambia mwanadamu kwamba aliumwa naye hakwenda kumtazama. Mja atashangaa: nitakutazamaje nawe ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba fulani, mja wake, aliumwa, na lau angelikwenda kumtazama angelimkuta Yeye kwake. Hadithi inaendelea kumtaja mwenye njaa na mwenye kiu, lakini kwa hao wawili ahadi ni kwamba angeliyakuta malipo yake kwa Mwenyezi Mungu. Kwa mgonjwa peke yake ndipo panaposemwa: ungelinikuta Mimi kwake. Wanazuoni wameiona tofauti hiyo, nami sijawahi kuisoma bila kusimama.

Unisamehe kama ninavuka mpaka. Umeteremka mara tatu kumtafuta chini, na mgonjwa yuko juu.

Mwalimu Mstaafu alijibu tena:

Nimekaa kimya kwa siku mbili baada ya kusoma maneno ya Mtoto wa Madrasa. Yanakutana na Mathayo 25, ambapo Mfalme anasema, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, na ajabu ya sura ile, ambayo wahubiri wengi wanaipita mbio, ni kwamba hata wenye haki hawakujua. Wanauliza lini walimwona. Hakuna upande hata mmoja uliomtambua wakati ule. Katika Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, pia mna neno la namna hiyo, kwamba Shekhina, yaani uwepo wa Mungu unaokaa na watu, iko juu ya kichwa cha mgonjwa kitandani. Mapokeo matatu yanaelekeza kidole kwenye kitanda kilekile, na mimi niliyejiona mjuzi nilikuwa nimekuelekeza jangwani.

Nina deni kwa Mwenye Mashaka. Hakujibiwa, na sitajifanya kwamba ninamjibu. Nitamwambia tu kwamba shauri lake limo ndani ya Biblia yenyewe. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kumalizika gizani, bila aya hata moja ya faraja mwishoni kama ilivyo desturi ya zaburi za maombolezo, na waliokusanya zaburi hawakuitoa wala hawakuirekebisha. Mtu aliyeteremka ngazi na asikute mtu ana zaburi yake, na inaimbwa katika kitabu kilekile.

Vilevile, kuhisi si kipimo cha uwepo. Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na miaka 10 baadaye barua zake zikachapishwa. Wengi walishtuka kugundua kwamba karibu tangu alipoanza kazi yake kati ya maskini, mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuwa akiishi katika ukavu ambao haukuondoka ila kwa vipindi vifupi. Huyu ndiye aliyewaambia watu kwamba anamgusa Kristo katika miili ya wanaokufa. Aliwagusa kwa karibu nusu karne bila kuhisi alichokisema. Sijui tumwite nani mwenye imani, aliyehisi dakika kumi au yeye.

Kuhusu kanisa lako, usilichukie kwa sababu ya korido. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu alikiri palepale kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile aliyoijenga, na bado aliijenga. Ezekieli naye alikuwa kuhani aliyepelekwa uhamishoni Babeli. Aliuona utukufu wa Mungu kando ya mto Kebari, katika nchi ya wageni, mahali ambapo hakuna mtu wa Yerusalemu aliyedhani kwamba unaweza kufika. Kiti kile cha enzi alichokiona kilikuwa na magurudumu. Lakini aliutambua kwa sababu alilelewa hekaluni. Na mtawa Yohane wa Msalaba, aliyefungwa na watawa wenzake huko Toledo kwa takribani miezi tisa kati ya 1577 na 1578, alitunga baadhi ya mashairi yake makuu katika chumba chembamba cha gereza hilo kwa maneno aliyoyajifunza kwenye sala za kila siku. Ungelikuwa hujawahi kuambiwa kanisani kwamba kuna Mungu anayewavumilia wanaomkasirikia, usiku ule usingelijua ni nani aliyekaa nawe.

Mwenye Mashaka alijibu:

Nimeisoma hiyo Zaburi ya 88. Sikujua kwamba imo. Sijabadili mawazo, ila nimeisoma mara mbili.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku alijibu:

Mzee Mkesha, ulilala?

Mkesha alijibu:

Nililala. Dada yangu alishika zamu mbili, nami nililala saa kumi na moja mfululizo, kisha nikaamka nikapima kama nilivyoshauriwa. Kile nilichokipata kimepungua ukali wake, hilo ninalikubali, kama vile mtu anavyokumbuka sura ya rafiki bila kuiona vizuri. Lakini hakijaondoka, wala sijaona aibu tena kukisimulia.

Nilimtafuta yule mfanyakazi wa usafi. Nilipomshukuru alinitazama kwa mshangao. Hakumbuki kabisa usiku ule, na aliniuliza kama nimemfananisha na mwenzake. Nimeamua kutolifikiria sana hilo, ingawa nadhani Mwalimu angekuwa na la kusema.

Tangu juzi siteremki tena. Saa tisa usiku ikifika ninabaki pale nilipo, ninalowesha kitambaa, ninampangusa baba uso na viganja. Sihisi chochote cha ajabu. Ninasikia mashine yake ikihesabu, na ninaona jinsi mikono yake ilivyofanana na yangu. Usiku wa jana alifumbua macho, akageuza kichwa upande wangu bila kuniona vizuri, akauliza, "Upo?"

Nikamjibu kwamba nipo. Akafumba macho, akalala mpaka asubuhi.